Nafasi ya Sabini na Sita

Shangazi yangu Mektilda alipima damu za watu kwa miaka ishirini na sita, yote kwenye zahanati moja nje kidogo ya mji wa Bariadi. Haya alinisimulia tukiwa tunapukuchua mahindi, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea majibu ya wagonjwa.

Mwaka 1996, msimu wa kuvuna pamba, Nyamizi mke wa Mashimba alimleta mwanawe Luhende, mtoto wa miaka mitatu. Mektilda alimtoboa kidole, akapaka damu kwenye slaidi, akaitia rangi na kuiangalia kwa hadubini. Ilikuwa malaria, tena nyingi. Mtoto akapewa klorokwini ya siku tatu. Siku ya sita mama akarudi naye, mwili unawaka, shingo haina nguvu. Slaidi ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Pamba ilinunuliwa na matajiri waliokuja na mizani zao, si ushirika peke yake, na klorokwini iliuzwa hata vibandani, pembeni ya sabuni na viberiti. Kwa hiyo dawa iliposhindwa, zahanati ilikuwa na maelezo mawili tu: mama amenunua vidonge vibovu, au hakumpa mtoto dozi yote. Luhende alipewa vidonge vya zahanati. Yakabaki yale ya pili.

"Dawa ulimpa zote?" Mektilda aliuliza.

"Zote, mayu," Nyamizi alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Siku zote tatu?"

"Zote tatu. Akitema, namrudishia."

"Nyamizi, usinidanganye. Dawa hii inatibu. Ungempa, hivi vijidudu vingekuwa vimekufa. Hukumpa."

Aliyasema hayo dirishani, foleni nzima inasikia. Katika foleni alikuwamo Nyanjige, dada yake Mashimba. Mtoto alichomwa sindano ya kwinini mchana huo. Jioni alishikwa na degedege, na kabla gari la kumpeleka hospitali ya wilaya halijapatikana, akafa.

Matanga yalipokwisha Mashimba alimwambia mkewe afunge nguo zake. "Mpimaji mwenyewe amesema hukumpa," alimwambia. Nyamizi akarudi kwa kaka yake, kijijini Mwamanyili. Mektilda alipata habari hizo sokoni. Alinunua dagaa wake akaenda nyumbani kupika. Aliniambia kwamba hakusikia kitu moyoni. Watoto walikuwa wanakufa, ndoa zilikuwa zinavunjika, na asubuhi foleni ilikuwa palepale.

Lakini slaidi ziliendelea kuja. Mwaka 1999 alianza kuwamezesha watoto dawa yeye mwenyewe, pale pale dirishani, siku tatu mfululizo. Alisubiri nusu saa kila mara aone kama mtoto atatapika. Kati ya watoto kumi na wawili, saba walirudi baada ya wiki na malaria ile ile. Akampelekea habari Kristofa, mganga mfawidhi.

"Labda kopo hili lilikaa juani," Kristofa alisema. "Fungua jingine."

Akafungua jingine. Ikawa vile vile.

Mwanzoni mwa mwaka 2001 alifika mtafiti kutoka Mwanza, daktari Salvatory, kuchukua damu za wagonjwa kwenye vipande vya karatasi. Alipoona kabati la Mektilda alishangaa. Slaidi za miaka sita zilikuwamo, zimepangwa kwenye masanduku, kila moja na namba na tarehe yake.

"Nani alikwambia uzitunze?"

"Hakuna aliyeniambia nizitupe."

Salvatory akaomba arobaini kati ya zile za zamani, maana damu iliyokauka kwenye kioo bado iliweza kupimwa. Miezi minane baadaye alirudi na orodha ya majibu, wakakaa kwenye benchi la maabara.

"Kimelea cha malaria kinakula damu yetu," alianza. "Ndani yake kina kifuko cha kumeng'enyea hicho chakula. Klorokwini inaingia kwenye kifuko hicho na kurundikana humo. Mabaki ya chakula yanashindwa kuondolewa, yanageuka sumu, na kimelea kinakufa."

"Hilo nalijua."

"Kwenye ukuta wa kifuko kuna protini. Ni mnyororo wa amino asidi mia nne ishirini na nne. Kila moja ina tabia yake. Kuna zenye chaji ya umeme, kuna zinazopenda maji, kuna zinazoyakwepa. Kwa tabia hizo mnyororo unajikunja na kupata umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloamua kipi kipite na kipi kisipite. Nafasi ya sabini na sita palikuwa na amino asidi iitwayo laisini, ina chaji chanya. Klorokwini ikiwa ndani ya kifuko nayo ina chaji chanya. Haikuweza kupita hapo, ikabaki ndani."

"Na sasa?"

"Sasa pana threonini. Haina chaji. Dawa inapita na kutoka nje. Kuna mabadiliko mengine sehemu nyingine za mnyororo, lakini hilo ndilo kubwa."

"Na hiyo protini haiharibiki?"

"Haijaharibika. Imebadilika kidogo tu, kimelea kinaishi, na watoto wake wanairithi."

"Kwa hiyo mtoto akimeza vidonge vyote, vizima, kwa siku zake..."

"Anaweza kufa vile vile."

Mektilda akachukua orodha. Namba ya slaidi ya Luhende ilikuwa ya kumi na moja kutoka juu. Mbele yake paliandikwa threonini. Aliisoma mara moja, akamrudishia Salvatory karatasi, akaenda kuosha vioo vya asubuhi.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa ya siku mbili. Alipanda basi mpaka Lamadi, jingine mpaka Nyashimo, kisha akatembea mpaka Mwamanyili. Alimkuta Nyamizi anaanika mpunga kwenye turubai.

"Mwadila, mayu," Mektilda alisalimia.

"Mwadila." Nyamizi alimtambua. Hakumpa kigoda, wala hakumfukuza.

"Nimekuja kukwambia kwamba Luhende ulimpa dawa."

"Najua nilimpa."

"Mimi nilisema hukumpa."

"Ndiyo. Ulisema."

Mektilda akamweleza kwa Kisukuma, kadiri alivyoweza: kifuko, ukuta, kitu kimoja kilichobadilika kati ya mia nne na zaidi. Nyamizi aliendelea kugeuza mpunga kwa mguu.

"Na kama ningempa siku sita?"

"Asingepona."

Mguu ukasimama. "Miaka mitano nawaza kwamba alitema nyingi kuliko nilivyoona," alisema. "Alikuwa analia, nami nilikuwa namwonea huruma. Nikawaza labda nililegea." "Kamwambie Mashimba."

Mektilda alimtaka radhi. Nyamizi aliitikia kwa kichwa, akainama kuokota mawe kwenye mpunga.

Mashimba alikuwa na mke mwingine na watoto wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, amesimama mlangoni mwa zizi.

"Nilimwondoa kwa neno lako," alisema.

"Ndiyo."

"Leo neno lako limegeuka. Mimi nifanyeje? Hawa nao niwapeleke wapi?"

Jumapili, baada ya ibada, Mektilda aliomba dakika chache, akasimama na kusema mbele ya watu wote kwamba Nyamizi alimpa mtoto dawa na kwamba aliyekosea ni yeye, mpimaji. Watu walimsikiliza. Kisha mmoja akauliza kama vidonge vilivyobaki majumbani vitupwe, wengine wakadakia, na mazungumzo yakawa ya vidonge. Nyanjige aliondoka kabla hayajaisha.

Mwaka huo serikali iliacha klorokwini ikaleta dawa nyingine iitwayo SP. Nayo haikudumu. Salvatory aliandika kwamba kwenye protini nyingine, ile ambayo SP huishika, nafasi ya mia na nane ilikuwa imebadilika, na dawa haikai tena vizuri mahali pake. Mektilda aliibandika barua hiyo ukutani. Baadaye zikaja dawa za mseto, na slaidi zikapungua vijidudu.

Alistaafu mwaka 2014. Nyamizi hakurudi Bariadi, wala hakuolewa tena. Analima mpunga na kaka yake. Wamekutana mara moja tu tangu siku ile, kwenye msiba Nyashimo. Walipeana mkono, wakaulizana habari za mvua, kila mmoja akaenda kukaa na watu wake.