Malenga Mwongo wa Bulengera

Kwa muda wa miezi mitano nilikuwa mwongo stadi kila Jumamosi, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, katika sebule ya binamu yangu huko Bulengera, mtaa wa Butembo. Siku nyingine zote za juma nilikuwa mtu mkweli asiyeweza kusema.

Hilo la kutosema lina tarehe yake. Mwanzoni mwa mwaka ule nilisimama mbele ya jopo la walimu, hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa soutenance, yaani kutetea utafiti wangu wa shahada ya pili juu ya udongo wa mashamba ya kahawa ya Mutwanga. Mjumbe mmoja, mzee mpole mwenye miwani, aliniuliza swali ambalo mkulima yeyote wa Mutwanga angelijibu huku akipalilia: kwa nini nilichimba sampuli zangu kwa kina cha sentimita thelathini na si ishirini? Nilikuwa na majibu manne. Nikaanza kupima lipi ni bora, na nilipokuwa bado ninapima, mwenyekiti akafunga faili. Nikapewa miezi sita ya kujiandaa upya. Tangu hapo, nikiulizwa hata bei ya chumvi, nilipima majibu hadi muulizaji akaenda zake.

Binamu yangu, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, ndiye aliyenivuta kwenye mchezo. Alisema amekosa mchezaji wa tatu. Nadhani alinihurumia tu.

Mchezo wenyewe huchezwa mezani, kwa maneno. Mmoja ni msimulizi, naye alikuwa binamu yangu: anaeleza nchi ya kubuni, falme zake, mito yake na majitu yake. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, na anatamka mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa gumu, bahati ndiyo huamua. Kitabu cha sheria, cha Kifaransa, kilichochapishwa kurasa mbili mbili ili kuokoa wino, kilidai kete yenye nyuso ishirini. Butembo nzima hatukuipata. Tulitumia vifuniko ishirini vya chupa za soda, vilivyoandikwa namba, ndani ya mfuko wa kitambaa. Ukichomoa ishirini, milima inakupisha. Ukichomoa moja, hata kuku wa jirani anakushinda.

Wachezaji wenzangu walikuwa wawili. Wa kwanza ni muuguzi, binti wa familia ya Kiprotestanti ya mtaa uleule. Alicheza mwizi, maana kazi ya kuponya, alisema, inamtosha juma zima. Wa pili ni msafirishaji wa Beni, Mwislamu, wa ukoo ulioshika usukani wa malori tangu enzi ya babu yake. Alisafirisha mizigo kati ya Beni na Butembo, mara nyingine hadi Eringeti, na alipanga safari zake ili kila Jumamosi awe ameshusha mzigo kabla ya saa nane. Yeye alicheza shujaa wa upanga anayemtafuta mdogo wake, aliyetekwa na Bibi wa Ngome ng'ambo ya mto.

Siku ya kwanza nilikaa kimya nusu saa nzima.

“Docteur atacheza nini?” msafirishaji akauliza. Shahada hiyo ya uzamivu sikuwa nayo wala sikuikaribia. Aliniita hivyo ili kunichokoza.

“Atacheza jiwe,” muuguzi akajibu. “Jiwe haisemake.”

Nilichagua malenga. Kitabu kilimweleza kuwa mtu wa nyimbo na maneno, ambaye silaha yake ni ulimi, nami nilimchagua kwa mantiki ya kitoto: kama sina kitu, basi nikicheze. Tukafika kwenye lango la mji. Mlinzi akatuzuia. Nikasikia sauti yangu ikimweleza mlinzi kwamba sisi ni wapambe wa bibi harusi, kwamba bwana harusi amekwisha kulia mara mbili kwa sababu ya kuchelewa kwetu, na kwamba machozi ya tatu yatakuwa juu yake yeye mlinzi. Nikachomoa kifuniko: kumi na saba. Muuguzi akapiga meza.

“Eh! Kumbe uko na mudomo!”

Jambo hili nimelitafakari kupita kiasi, na hitimisho langu ni moja. Malenga aliposema, jibu halikuwa langu, kwa hiyo halikulazimika kuwa bora. Lilitosha liwepo.

Lakini mtu wa tabia yangu hawezi kuachiwa furaha bila kuitungia mpango. Juma la pili nilimpa binamu yangu karatasi iliyokunjwa: malenga wangu alikuwa mtumishi wa siri wa Bibi wa Ngome, na alikuwa ameapa kuwafikisha wenzake mikononi mwake. Binamu alisoma, akakohoa, akaficha karatasi ndani ya soksi. Tangu siku hiyo niliweka daftari lenye safu tatu: nililosema, niliyemwambia, anachoamini sasa. Muuguzi nilimshawishi kwamba shujaa anamwonea wivu. Shujaa nilimshawishi kwamba mwizi hajui kusoma ramani. Nilicheka peke yangu barabarani, watu wa pikipiki wakigeuka kunitazama.

Ugumu ulikuwa mmoja. Tulianza kila mara kwa sala, na muuguzi ndiye aliyeomba, kwa sauti ya mtu aliyekulia kwaya: “Baba, siri yote iko kati yetu, uifunue.” Msafirishaji alisema “Amin” kwa nguvu. Mimi nilisema “Amina” kwa kiasi. Ilipofika alasiri, msafirishaji alitoka uani kuswali, na kwa dakika zile nilijiwekea sheria ambayo haimo katika kitabu chochote: malenga hamdanganyi mtu aliye kwenye mkeka. Nilikaa nimefunga mdomo, muuguzi akanimiminia chai akidhani ninaumwa.

Mwezi wa nne nilifanya kazi niliyoiona kuwa kilele cha ustadi wangu. Niliandika barua ya uongo kutoka kwa mdogo wa shujaa. Niliichoma kingo kwa kiberiti, nikaipaka majani ya chai ili izeeke. Ilisema: kwanza, niko hai, pili, nimefungwa mnara wa kaskazini, tatu, piteni lango dogo, kwa kuwa lango kubwa linalindwa. Lango dogo, bila shaka, ndilo lililokuwa mtego.

Malenga alidai ameiokota njiani, na msafirishaji aliisoma kwa muda mrefu. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, juu ya kifua, akarudi nayo Beni. Jumamosi tatu zilizofuata shujaa wake alimfuata malenga kila alikoelekea, bila swali. Nikaandika katika safu ya tatu: anaamini kabisa.

Baada ya Jumamosi hiyo ya tatu nilimsindikiza muuguzi hadi kona ya kwao. Akasema, kama mtu anayesema habari za mvua:

“Juu ya ile barua, unamutesa ule kaka. Si weye unajua ndugu yake mudogo alipoteaka njia ya Ituri?”

Sikujua. Nilisimama pale pale. Nilikumbuka ile mikunjo minne na ule mfuko. Nilikuwa nimemwandikia mtu barua kutoka kwa ndugu aliyepotea kweli, kisha nikaandika kwa wino wa buluu kwamba ameamini. Kwa siku nne nilitunga maneno ya kuomba msamaha, nikapata matoleo sita, lenye tanbihi likiwa la tano. Siku ya Alhamisi niliyaacha yote mezani nikapanda gari la Beni. Mchezo ungeweza kufa, hilo ningelivumilia. Sikuweza kuvumilia kwamba huyu mtu mmoja, aliyeniruhusu kusema tena, asiniamini kamwe.

Nilimkuta penye maegesho ya malori, juu ya magunia ya mchele, akifunga turubai.

“Docteur! Umekuja kununua mawese?”

“Hapana, kaka. Nimekuja kusema neno juu ya barua.”

Akaruka chini, akaziba masikio kwa mikono yenye mafuta.

“Usiseme! Leo hapana siku ya posho! Usiniharibie muchezo!”

Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu. Nilisema hata hivyo, haraka, bila toleo lolote kati ya yale sita. Nilisema kwamba sikujua habari za mdogo wake, na kwamba kama ningejua nisingegusa kalamu.

“Mudogo wangu? Ule wa Ituri?” Akakaa juu ya dumu la mawese. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka hadi dumu linayumba. “Alipotea, ndiyo, myaka mbili. Kumbe alioa kule! Sasa eko na batoto batatu, na kila juma ananipigia simu: kaka, tuma hiki, kaka, tuma kile. Docteur, kama unaweza kumupoteza tena, nisaidie!”

Nikakaa juu ya dumu lingine.

“Lakini barua uliiamini.”

“Nani? Mimi?” Akanitazama kwa huruma ya kweli. “Mimi nabebaka barua za batu tangu nilianza kushika usukani. Barua ya ndugu ninaijua hata haiyafunguliwa. Ndugu wa kweli anasalimia kwanza. Mama anaendelea aje, mugongo unamuuma bado, salimia mama mudogo, salimia jirani, salimia na ule alinikatalia binti yake. Karatasi muzima ni salamu. Habari yenyewe iko chini, pembeni, kidogo. Hata mutu wa gereza anaandikaka vile. Ya kwako: kwanza, pili, tatu! Nilisema, huyu ndugu hapana kutekwa. Huyu ndugu anafanya soutenance.”

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa nimechoma kingo, nimepika majani ya chai, nimepima hata mwinamo wa herufi. Na nilikuwa nimesahau jambo ambalo mimi mwenyewe, kila ninapotuma ujumbe nyumbani, hulitanguliza bila kufikiri.

“Sasa juma tatu umemfuata malenga kwa nini?”

“Juu ulikuwa unasema,” akajibu, akirudi kufunga turubai. “Ulikuwa unasema muzuri. Shujaa wangu alitaka kuona ile uongo itafika wapi.” Kisha akageuka. “Niliionyesha mama. Alisema, uyu mutoto bazazi yake balimufundisha nini? Akachukua kalamu, akasahihisha. Utasikia siku ya posho. Na kile kitabu chako cha safu tatu, ukiache nyumbani. Tunakionaka, docteur. Unafunikaka na mukono kama mutoto wa mitihani.”

Jumamosi ilifika. Muuguzi aliomba siri zifunuliwe, nami nikasema “Amina” ya kusikika. Tulikuwa tumebakiza hatua mia moja kufikia lango dogo, katika nchi ile ya binamu yangu, pale shujaa alipoinua mkono.

“Nimepata barua ingine,” akasema. Akafungua karatasi ya daftari la shule, akaanza kusoma mwandiko wa mama yake. Kaka yangu, nakusalimu sana. Mama anaendelea aje? Yule mbuzi alizaa? Salimia baba mudogo wa Oicha, umwambie sijasahau viatu. Salimia bote banaulizaka habari yangu, na bale habaulizake pia. Salamu zilikwenda hadi upande wa pili wa karatasi, tukacheka hata binamu akaweka kitabu chini. Kwenye mstari wa mwisho, pembeni, kidogo: niko mnara wa kusini, yule anayeimba asikudanganye.

Binamu hakuwa ametunga barua hiyo, na nilimwona akigeuza kurasa za maandalizi yake kama mtu anayetafuta funguo.

“Malenga,” shujaa akasema, “ile barua ya kwanza, nani aliandika?”

Binamu, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akanisogezea mfuko wa vifuniko. “Yaya, chomoa. Ukipata kumi na tano, anakuamini.”

Sheria iliniruhusu. Niliushika mfuko, nikasikia vifuniko vikigongana ndani, nikaurudisha mezani. Halafu malenga wangu akasema. Alisema kwamba barua aliiandika yeye. Kwamba Bibi wa Ngome alimkuta akiimba sokoni, mahali ambapo hakuna aliyesimama kumsikiliza, naye akasimama. Na kwamba mtu akisikilizwa mara moja baada ya ukimya mrefu, anaweza kumwapia yeyote. Kwamba kwa miezi yote hii alikuwa anawahesabu wenzake kama njia ya kufikia lango, na sasa lango liko mbele yake na hataki kulifikia. Sijui nilisema kwa muda gani. Sikupima jibu lolote.

“Mimi nasema tumutupe ku mto,” muuguzi akatamka, akijifuta jicho kwa upande wa kitenge.

“Ngoja.” Msafirishaji alikunywa chai yake yote, taratibu, kwa makusudi, nami nikajua kwamba hapa si shujaa peke yake anayeamua. Akaweka kikombe. “Shujaa anarudisha upanga. Anasema: malenga, ulitudanganya, na weye pia ulipata shida. Lakini Bibi wa Ngome anakuamini mpaka leo, si ndiyo? Basi. Utatangulia. Utamudanganya yeye juu yetu, na mimi nitakuwa nyuma yako.”

“Haiwezekane!” binamu akalalamika. “Mimi niliandaa vita! Kurasa kumi na mbili!”

“Prof, uzichome,” muuguzi akasema. “Fungua ule mulango, tuingie.”

Binamu alishusha pumzi ndefu. Akafungua lango. Akaielezea njia ya mawe, mienge, na kiti kirefu ambapo Bibi wa Ngome alikuwa ameketi akiningoja. Kisha watatu wote wakanigeukia. Nikavuta kiti karibu na meza, na bila kujua sentensi ya pili itakuwa ipi, nikaanza ya kwanza.