Masahihisho Juu ya Jiwe

Mwaka niliorudi milimani kumuuguza baba goti, niliifanya ofisi yangu katika chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Meza ilikuwa ile ya cherehani ya marehemu mama, na ukiikalia kwa muda mrefu mguu wenyewe huanza kukanyaga pedali bila kuambiwa. Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri vitabu vya wakulima kwa ofisi moja ndogo ya Dar es Salaam. Wakubwa wangu walikubali nifanyie kazi nyumbani kwa sharti moja tu, kazi ifike kwa wakati. Niliwaambia wasiwe na wasiwasi: kwetu ni mbali kidogo kupanda kutoka Same, lakini umeme upo na intaneti ipo. Sikusema ni siku zipi.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Ijumaa. Kitabu kilihusu kilimo cha tangawizi, na saa kumi jioni kilitakiwa kiwe kwa mchapaji. Yalibaki masahihisho yangu ya mwisho, thelathini na saba, niliyokuwa nimeyaandika kwa penseli kwenye nakala ya karatasi. Niyaingize kwenye faili, nimtumie mwenzangu anayepanga kurasa kule Dar, basi. Kazi ya saa mbili.

Asubuhi nikawasha kompyuta. Ikaniandikia kwamba inajisasisha, nisiizime. Asilimia kumi na nane. Nikaenda kunywa chai, nikarudi: kumi na nane. Baba akachungulia mlangoni na mkongojo wake.

"Imeamkaje?"

"Haijaamka, baba."

"Basi iache ipumzike," alisema, kama anayezungumzia ng'ombe aliyezaa jana.

Saa nne na nusu ikafunguka. Nikaingiza masahihisho mawili, na umeme ukakatika. Betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa siku nyingi; iliishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Kioo kikawa cheusi, nikajiona mwenyewe humo, mdomo wazi.

Nikasubiri. Saa sita umeme ulirudi kwa muda wa kuchemsha maji, ukaondoka tena. Nikaamua kupiga picha kurasa zote kwa simu nimtumie mwenzangu aone penseli yangu mwenyewe. Ndani ya nyumba mtandao haukushika, hivyo nikapanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya banda la kuku, mahali pekee pa kwetu ambapo simu hukubali kuongea na dunia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Picha ya kwanza ilizunguka, ikazunguka, ikagoma. Nikairudia. Ikaenda baada ya nusu saa, na mwenzangu akajibu kwa maandishi: "Dada, naona mistari ya kijivu tu. Hii ni ramani?"

Baba alikuwa amenifuata hadi mlango wa jikoni. "Mama," akaniita, maana tangu utotoni ndivyo anavyoniita, "si ungejaribu kui—"

"Baba, naomba uniache kidogo!"

Sijawahi kumjibu hivyo. Akageuka, nikasikia mkongojo wake ukienda taratibu kwenye saruji. Nikakaa juu ya jiwe, karatasi nimezificha ndani ya sweta zisilowe, nikalia. Nililia kwa ajili ya kompyuta, halafu kwa ajili ya baba.

Aliporudi alikuwa na mwavuli kwapani na kigoda mkononi. Hakutaja yaliyopita. Alikitua kigoda chini ya jiwe, akakaa, akanyoosha goti lake bovu.

"Samahani, baba."

"Hiyo simu," akasema, "kupiga inapiga?"

"Kupiga inapiga. Kutuma ndiko hakuna."

"Basi mpigie, umsomee."

Nikamwambia masahihisho ni mengi, nukta na mikato, mtu atakosea. Hapo ndipo baba yangu alipobadilika sura. Kabla ya kustaafu alifanya kazi stesheni ya reli kule Makanya, na mimi kama mtoto nilichojua ni sare yake na vumbi jeupe la viatu vyake. Sikuwahi kumuuliza alikuwa akifanya nini hasa siku nzima.

"Mimi nilikuwa naongea na stesheni ya Same kwa simu ya kuzungusha mkono," akasema. "Unasoma ujumbe, mwenzako anaandika, halafu anakusomea alichoandika. Neno kwa neno. Asiporudisha, treni haiondoki. Watu wako ndani ya mabehewa, mama, huwezi kubahatisha."

Nikampigia mwenzangu. Alikuwa mwanamke mcheshi wa rika langu ambaye hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Akacheka, kisha akasema haya, yuko tayari. Nikaweka sauti ya nje. Baba akasimama kwa shida, akatushikia mwavuli, mimi na karatasi; yeye mwenyewe bega moja likabaki kwenye manyunyu. Nikamwomba akae. Akakataa.

"Ukurasa wa tano, mstari wa tatu," nilisoma. Baba akanigusa mkono: "Taratibu. Mpe kituo." Mwenzangu akarudisha. Tukaenda hivyo, sahihisho baada ya sahihisho, na kila aliporudisha sawasawa baba alitikisa kichwa kama aliyeona taa ya kijani.

Tulipofika ukurasa wa ishirini na mbili nikasoma sentensi nzima ili mwenzangu aone mkato unapokaa: "Kabla ya kuhifadhiwa, mbegu zioshwe, zianikwe kivulini."

"Zifanyweje?" baba akauliza.

"Zioshwe."

"Mbegu ya tangawizi haioshwi! Ukiiosha unaihifadhi na maji yake, inaoza yote. Nani kasema ioshwe?"

Nikafunua karatasi za kitabu cha Kiingereza nilichokitafsiri, zilizokuwa chini ya nakala yangu. Zilisema zisioshwe. Silabi moja, "si", niliiacha njiani, na sentensi hiyo nilikuwa nimeipitia labda mara kumi bila kuiona. Niliwafikiria wakulima wa milima hii hii, wakisuuza mbegu zao kwa sababu kitabu kimesema.

"Andika zisioshwe," nikasema kwenye simu.

"Zisioshwe. Zi, si, o, shwe," mwenzangu akarudisha. "Dah! Na huyo mzee ni nani? Shikamoo baba!"

"Marahaba, mwanangu. Endelea, tusichelewe."

Tulimaliza saa kumi kasoro dakika chache. Kitabu kilienda kwa mchapaji, na kilipotoka baadaye nilikwenda moja kwa moja ukurasa wa ishirini na mbili. Neno lilikuwa sawa.

Lakini jioni ile, nilipotaka kukata simu, baba aliniomba aongee na binti huyo. Alikaa kwenye kigoda, akamuuliza kwao ni wapi, wazazi wazima, mvua huko imenyesha. Mwenzangu akajibu yote na kuuliza yake. Niliwaacha, nikaenda kubandika makande, na kutoka jikoni nilimsikia baba akimweleza, kwa kituo na taratibu, jinsi treni ilivyokuwa ikiingia Makanya.