Namba ya Siri Yapitia Masjala

Juzi nilikuwa masjala ya ofisi moja hapa Iringa, nikifuatilia ombi la ukumbi wa harusi ya binti yangu nililolituma kwa barua pepe. Dada wa kompyuta alikuwa ameweka ulinzi mpya: bosi akitaka kufungua barua pepe zake, lazima kwanza aingize namba inayotumwa kwenye simu. Simu yenyewe ni ya mama wa masjala, maana bosi aliagiza kila kinachoingia kipitie kwake.

Namba ikaingia. Mama akainakili kwenye karatasi, akagonga muhuri, akaiweka kwenye jalada, akapanda ngazi taratibu hadi kwa bosi. Akarudi na jalada lile lile. Namba imekataa.

“Mama, hiyo inaishi dakika moja tu,” alisema dada.

“Mwanangu, ofisi hii kitu gani kimewahi kuisha kwa dakika moja?”

Mara ya tatu bosi akashuka mwenyewe, akakaa kwenye stuli ya mama. Namba ilipoingia tu, akaibonyeza kwenye kompyuta ya masjala. Barua pepe zikafunguka, na ya kwanza kabisa ni ombi langu! Tukapiga makofi.

Bosi akainuka, akanyoosha tai.

“Safi sana. Mama, hiyo ichapishe, igonge muhuri, uniletee juu.”

Wezi wa mtandaoni wakifanikiwa kuingia humu, nitawasogezea nafasi kwenye benchi, tusubiri wote.