Seli Ambazo Kaltumi Hakuzitengeneza

Kaltumi alisikia jina lake likitajwa upande wa wapinzani akiwa ameketi kwenye benchi la nyuma, katika ukumbi wa kukodi mtaani Ntinda, miongoni mwa wenzake.

Walikuwa wafanyabiashara wa sola, wenye maduka na wenye meza, na walikuwa wameishtaki serikali. Shauri lao lilihusu ushuru mpya uliowekwa kwenye seli za kutoka nje, vile vipande vyembamba vya buluu vinavyogeuza jua kuwa umeme. Siku hiyo wakili wao, Nabangala, mwanamke wa sauti ya chini aliyezoea kuvua viatu akiwa anasoma, alikuwa akiwaeleza majibu ya serikali. Seli hizo, serikali ilisema, ni rahisi kupita kiasi kwa sababu zinakotoka viwanda vinapewa ruzuku, na urahisi huo unawaua watengenezaji wa hapa nchini.

"Watengenezaji gani?" mtu mmoja akauliza. "Uganda hii nani anatengeneza seli?"

Nabangala alisita. "Wametaja wawili. Wa kwanza ni kile kiwanda kilichoomba ushuru uwekwe. Wa pili," akaangalia tena karatasi, kisha akaangalia benchi la nyuma, "ni Bi Kaltumi wa Namuwongo."

Vichwa vyote viligeuka.

"Eh, Mama Husnah," akasema mwuza betri mmoja, Muganda mnene aliyependa mzaha. "Sisi tunalia hapa, kumbe wewe natengeneza seri kimya kimya."

Wengine walicheka. Wengine hawakucheka. Mzee Abudu, aliyekuwa mwenyekiti wao, alimwuliza taratibu, kama mtu anayemwuliza mgonjwa, "Mama, wewe uko upande gani?"

Kaltumi aliinuka bila hata kuvaa viatu alivyokuwa amevivua chini ya benchi. Alitoka nje akiwa ameshika viatu mkononi, mpaka mlinzi wa getini alipomwuliza kama ameibiwa.

"Ndiyo," akajibu.

Ilimchukua njia nzima ya kurudi Namuwongo kukumbuka. Kulikuwa na kijana, miezi mingi iliyopita, kabla ushuru haujaja. Alisema anaitwa Anselme na ametumwa na tume inayochunguza biashara ya sola. Alikuwa na adabu na Kiswahili kizuri cha Kongo, na Kaltumi alimpa kiti na chai. Kijana alisimama mbele ya meza yake, akauliza, "Mama, kazi yako hapa ni nini hasa?"

Naye akajibu kama alivyojibu kila mtu tangu afungue kile chumba kando ya reli: "Natengeneza seli."

Maana yake ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Mezani palikuwa na seli zilizovunjika safarini, zile ambazo maduka makubwa huzikataa. Kaltumi alizipanga kwa ukubwa, akazikata pale zilipopasuka, akaziunganisha kwa utepe wa bati na kulehemu polepole. Kisha zikafunikwa kwa kioo, zikawa paneli ndogo za kuwasha taa moja na kuchaji simu. Mama yake alikuwa akisuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi ambavyo nyumba ya Mnubi, kabila lao, haikosi, na Kaltumi alikuwa na mikono ileile: mikavu, mitulivu, isiyobonyeza kitu kuliko inavyotakiwa. Kina mama wanaouza nyanya na samaki sokoni Kalerwe jioni walikuwa wateja wake wakubwa. Mume alipomwacha na watoto wawili, ni meza hiyo iliyompeleka binti yake Husnah chuo cha uuguzi.

Sasa meza ilikuwa tupu. Ushuru ulipoanza, hata seli zilizovunjika ziliacha kuhesabiwa takataka, zikatozwa kama nzima. Mzigo wake wa mwisho ulikwama kwenye ghala la forodha. Na kile kiwanda kilichoomba ushuru kilikuwa kimepewa msamaha, kikiendelea kuingiza seli zilezile, kutoka nchi ileile, bila kulipa.

Apio alimkuta ameketi mbele ya meza hiyo. Apio alikuwa mjane wa polisi. Alikodi nusu ya chumba na kukata fremu za alumini. Kaltumi alimweleza yote.

"Basi umesema nini na yule kijana?"

"Nimesema natengeneza seli."

"Si kweli unatengeneza?"

"Natengeneza. Sitengenezi."

Apio aliweka msumeno chini. "Wewe Mnubi, utaniua. Gani kati ya hiyo mbili?"

"Hiyo ndiyo walipaswa kuniuliza," Kaltumi akasema, na sauti yake ilianza kupanda. "Aliona meza yangu, Apio. Alikunywa chai hapa. Aliona seli zina alama za Kichina mgongoni. Halafu akaenda kuandika kwamba zimezaliwa Namuwongo? Wanataka kunisaidia, wanasema. Wananikinga. Wamenikinga mpaka sina kitu cha kuweka mkononi."

"Pole, mama."

"Sitaki pole. Nataka jina langu litoke."

Kesho yake alimwambia Nabangala hivyohivyo. Nabangala alimweleza bila kumficha: likibaki, serikali itasema kuna kiwanda kikubwa na kuna mama wa kawaida, wote wanaumizwa na ruzuku za kigeni, na huyo mama ndiye watakayemsukuma mbele. Kaltumi anaweza kwenda kusema mwenyewe. Lakini maneno aliyasema kwa Kiswahili. Afadhali ayaeleze kwa Kiswahili, mkalimani awepo.

"Na wenzangu wanaonidhani msaliti?"

"Wataketi nyuma. Watasikia."

Siku ya mahakama Kaltumi alivaa gurbaba ya mama yake, kitambaa kizito chenye maua. Apio alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Sasa wewe naenda kotini ama kwa harusi?"

"Kama wananiita mwenye kiwanda, nivae kama mwenye kiwanda."

Mkalimani aliitwa Olweny, askari polisi mstaafu, mrefu, aliyeongea kana kwamba kila neno linapigiwa saluti. Wakili wa serikali hakuwa mkali. Hilo lilimkera Kaltumi zaidi. Alitabasamu, akamwita mama yetu, akasema serikali inawathamini wanawake wabunifu kama yeye.

"Ni kweli ulimwambia mtumishi wa tume kwamba unatengeneza seli?"

"Nilimwambia."

"Bado unasema hivyo?"

"Natengeneza, ndiyo. Zikivunjika."

Olweny aligeukia jaji, akatafsiri kwa Kiingereza. Kaltumi hakusoma sana, lakini Kiingereza cha sokoni alikijua, na alisikia mzee akitumia neno la viwandani, neno la moshi na mitambo, kisha akalibandika lile la kuvunjika mwishoni, kana kwamba kiwanda chake kinatoa bidhaa mbovu. Wakili wa serikali aliinamisha kichwa kwa huruma.

"Hapana," Kaltumi akasema. "Sivyo."

"Mama, jibu ulichoulizwa," Olweny akamnong'oneza.

"Nimejibu. Wewe ndiye umejibu kingine." Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kizimba. "Baba yangu alikuwa jeshini Bombo, mzee. Miaka yote alitengeneza bunduki. Ukimwuliza mtu yeyote pale kambini, baba Kaltumi kazi yake nini, wanakwambia, anatengeneza bunduki. Basi serikali iende Bombo itafute kiwanda cha bunduki alichoacha baba yangu, maana mimi mtoto wake sijapata urithi."

Nyuma mtu alicheka, akakohoa kukificha kicheko. Jaji aliuliza shahidi amesema nini.

Olweny hakutafsiri. Alisimama akimtazama Kaltumi, na uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama mtu aliyesikia wimbo wa ujanani. Kisha akavua miwani, akaomba ruhusa ya kusahihisha maneno yake mwenyewe. Alieleza kwamba amekuwa polisi maisha yake yote, na kwamba kambini kila kikosi kilikuwa na fundi wa kutengeneza bunduki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuunda bunduki. Bunduki zikikwama, yeye alizifanya zipige tena. Neno ni moja kwa kazi zote mbili, akasema. Anayetumia Kiswahili hutazama kilichopo mezani, akajua ni kazi ipi.

"Na mezani kwa shahidi kulikuwa na nini?" jaji akauliza.

"Seli zilizovunjika," Kaltumi akajibu kabla ya kutafsiriwa. "Za watu wengine. Zimetoka mbali. Zikiacha kuja, mimi naacha kazi. Na huyo anayesema ananikinga, hajawahi kurudi kuniuliza nimekula nini."

Wakili wa serikali aliketi. Hakumwita tena mama yetu.

Hukumu ilipotoka, Nabangala alikuja mwenyewe Namuwongo kuwasomea. Jaji aliamuru ushahidi uliobeba jina la Kaltumi uondolewe, na tume ianze uchunguzi wake upya, ioneshe mtu hata mmoja anayezalisha seli nchini. Apio alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Na ushuru?" Kaltumi akauliza.

Nabangala alikunja karatasi. "Utabaki mpaka uchunguzi mpya uishe."

"Kwa hiyo uongo wameutoa, na kodi ya uongo wameiacha."

"Tutakata rufaa, mama."

"Kata," Kaltumi akasema. "Wakiniita tena nitakwenda. Nitakwenda na gurbaba ileile mpaka wachoke kuiona."

Mzee Abudu alikuwa ametuma salamu na samahani kupitia kwa Nabangala. Kaltumi alipokea salamu. Samahani alisema aje ailete mwenyewe.

Nabangala alipoondoka, aliingia mwuza samaki wa Kalerwe, mteja wa siku nyingi, akiwa na paneli iliyopasuka kioo. Aliiweka kwenye meza tupu.

"Mama Husnah, nitengenezee hii."

Kaltumi hakuigusa. "Unataka niifanye nini?"

"Si nimesema? Uitengeneze."

"Neno hilo limenipeleka mahakamani. Sema lingine. Apio, sikiliza, wewe ni shahidi."

Mwuza samaki aliwatazama wote wawili, akadhani wamegombana. "Jamani. Mimi nataka iwake tu. Jioni giza linawagawia wezi samaki wangu bure."

"Iwake," Kaltumi akarudia, akamgeukia Apio. "Umesikia? Iwake. Hajasema izaliwe."

Akavuta paneli karibu, akaanza kung'oa kioo kipande kwa kipande, akitafuta seli zilizobaki nzima.