Vibao Vilikuwa Vinalala Shule

Mjukuu wangu akiwasha dawa ya mbu, ule moshi hunirudisha kwenye banda la kukaushia pareto, yale maua yanayotengenezewa dawa hiyo, lililokuwa shule yetu kule shambani kwa mzungu. Mwalimu alinikabidhi msichana mgeni. Familia yao ilikuwa imefukuzwa shamba moja la Subukia, na Kiswahili alijua cha kuombea maji tu.

“Mwonyeshe vile tunafanya,” mwalimu akaniambia.

Nikamwonyesha, nikijiona mkubwa. Siku ya tatu akaandika “baba” kwa chaki kwenye kibao chake cheusi. Kengele ilipolia, akakificha chini ya gauni.

“Vibao vinalala shule,” nikamwambia.

“Baba aone.”

“Ataona kesho.” Nikamnyang'anya, nikakitemea mate na kukifuta kwa kiwiko, jinsi tulivyofanya sote.

Alfajiri askari walipita kambi ya wafanyakazi wakisaka watu wa msituni, wakapakia wanaume kwenye lori. Baba yake alikuwa mmoja wao. Hakurudi.

Nilidhani msichana hatakuja shule siku hiyo. Alikuja. Akakaa karibu nami, akaandika lile neno bila kuangalia popote. Kengele ikalia. Nikanyoosha mkono nimwambie leo aende na kibao nyumbani.

Alikuwa ameshakitemea mate.