Leseni Asiyoisoma Fundi Andongwisye

Pale Tukuyu mjini, ukiulizia fundi kompyuta, utaelekezwa kwa Andongwisye. Mcheshi, mtanashati, haishiwi maneno. Hajawahi kumwambia mteja "sijui", na hicho ndicho kilichomponza.

Miaka mitatu iliyopita shule moja ya sekondari nje ya mji ilinunua programu ya majaribio ya sayansi, maana maabara hawana. Ilikuja na kompyuta moja ya kampuni iliyoitengeneza. Stoo walikuwa na nyingine kumi za msaada, nzima kabisa. Mkuu wa shule, Mwalimu Winfrida, akamuuliza Andongwisye, aliyeitwa kuifunga programu, "Fundi, na hizi hatuwezi kuziwekea?"

Leseni, yale masharti ya kuitumia, ilikuwa pale pale kwenye kioo cha kompyuta, kurasa sita za Kiingereza, walimu wote wanamtazama. Bwana mkubwa akabofya kukubali bila kusoma hata mstari, akajibu kama mjuzi: "Haiwezekani, mwalimu. Hii inataka kompyuta za kampuni yenyewe tu. Mkilazimisha, mtafungiwa."

Basi, zile kumi zikarudi stoo. Wanafunzi mia na ushee wakawa wanasukumana kwenye kompyuta moja, na Tupokigwe, binti wa kumzaa wa fundi mwenyewe, alikuwa mmoja wao. Mtihani wa kidato cha nne, kemia akapata F. Andongwisye alimfokea wiki nzima, eti mvivu. Jamani!

Juzi akaitwa tena shuleni. Mwalimu mgeni, kijana aitwaye Lusungu, alikuwa ameichapa ile leseni. Alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, fundi," kisha akasema polepole: "Ukurasa wa nne wanaruhusu kompyuta ya kampuni yoyote, mradi iwe na uwezo unaotakiwa."

Andongwisye alihisi uso unawaka. Mwalimu Winfrida, kwa wema wake, akawahi kumsitiri: "Nadhani walibadilisha masharti baadaye. Si ndiyo, fundi?"

Lusungu akainamisha macho. Tarehe ilikuwa juu ya karatasi, ile ile ya miaka mitatu iliyopita, na alikwisha kuiona. Lo, aibu gani hiyo, kufichiwa siri na kijana wa juzi! Angesema "ndiyo" tu, jina lake lingebaki salama mji mzima. Lakini akamkumbuka Tupokigwe, alivyokuwa akilia jikoni akiitwa mvivu.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Hakuna kilichobadilika. Sikusoma. Kiingereza kile kilinishinda, nikaona haya kusema."

Mwalimu Winfrida akamsogezea karatasi. "Basi soma sasa."

Akasoma, mbele ya walimu wote, akikwama kila baada ya neno, Lusungu akimsaidia kama anavyowasaidia wa kidato cha kwanza. Jasho lilimtoka. Walipomaliza ukurasa wa nne aliomba udhuru, akatoka nje na kumpigia binti yake. Tupokigwe akapokea, "Shikamoo baba," na yule asiyeishiwa maneno akashindwa hata kuitikia.