Motere mu Ukuta wa Jirani

Magoti yangu yaliharibika juu ya kusimama mu maji. Miaka yote ile ya kungoja mitumbwi hapa Nchelenge na kunyanyua mabeseni ya chisense, zile samaki ndogo tunazoanika ku muchanga, baridi iliingia mu mifupa ikakataa kutoka. Daktari alisema nikae mu maji ya moto. Binti yangu wa kwanza, ambaye Mungu alimupa kazi nzuri kule Lusaka, alisikia neno hilo moja na akaleta pisini nzima: beseni kubwa la plastiki la kukaa watu wane, na mashini yake ya kupasha maji na kuyazungusha. Fundi alimwaga simenti nyuma ya nyumba mpaka ikagusa ukuta wa jirani. Akaweka mashini pale pale, akafunga mabomba ku ukuta kwa misumari. Niliona ni kazi safi.

Miye si mutu wa anasa. Lakini siku ya kwanza niliyoingia mule magoti yalinyooka, na nililia.

Nyuma ya ukuta ule kuna chumba cha muzee mumoja na muke wake, Wabemba wa hapa hapa. Muzee alikuwa dereva wa boti kati ya Kilwa, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, na huku. Hata miye alinivusha mara nyingi na mizigo yangu, na Kiswahili chake alikiokota kwetu, watu wa Kongo. Mwaka huu ugonjwa ulimupiga upande mumoja wa mwili. Kwa sababu alikuwa anaanguka toka ku kitanda, muke wake alimutandikia godoro chini, kando ya ukuta.

Mama yule alikuja kwangu asubuhi moja. Alikunja magoti kidogo, namna Wabemba wanavyosalimia, akaniambia mashini inamusumbua muzee. Nilimujibu vibaya. Nilisema watoto wa nyumba yangu wakipiga kelele mu maji nitawachapa, lakini mashini haina sauti ya kumusumbua mutu, na kwamba wivu nao ni ugonjwa. Alisema tu, "Ee, mayo," ndiyo mama kwa Kibemba, akaenda.

Ni kweli nilijaribu kitu. Nilifunika mashini na mablanketi mawili, nikasimama ku ukuta, nikasikiliza. Sauti ilikuwa ndogo sawa na ya mbu. Nikasema, basi, wananionea. Kabla ya jua kushuka mashini ilinuka moto, ikajizima yenyewe. Nikaondoa mablanketi, na hata hilo nikawakasirikia wao.

Kisha nikaanza kumuona yule mama akipita kwenda ziwani. Asubuhi, saa sita, saa nane, mu jua kali, na kila mara anarudi mikono mitupu. Hakuleta samaki, hakuleta maji. Nilifikiri anatafuta tu njia ya kunionyesha mugongo.

Wamama wa kanisa waliposema tuende kumuona mugonjwa, nilienda juu ya kuona haya. Wenzangu walisali, wakaaga. Miye nilibaki chini, sababu magoti yangu yakikaa hayaamuki haraka. Niliweka mukono ku simenti ya chini, kando ya godoro, ili nijisukume. Simenti ilikuwa inatetemeka. Ilipanda mu mukono mpaka ku meno. Nikajua ni mashini yangu.

Muzee alifungua macho, akamuambia muke wake, "Boti inakuja. Enda uangalie." Mama akachukua chitenge chake, akatoka mu jua lile. Aliporudi alimuambia, kwa heshima ya baba, "Bado, tata." Kisha akaniambia miye, pole pole, kwamba muzee anamungoja mudogo wake toka Kilwa. Muchana mzima anasikia motere ya boti inakuja, na haifike. Muke akikataa kwenda kuangalia, muzee analia.

Nilirudi nyumbani nikazima mashini. Nikavuka tena kwao. Nilimukuta muzee akicheka na nusu ya mudomo. Alikuwa anasema motere imezimwa, boti imefika, wafungue mulango. Muke aliniangalia. Nilijua kazi ya kumuambia ukweli ni yangu.

"Tata," nilimuambia, "hakuna boti. Ni mashini yangu ya kuogea. Ni miye ninakusumbua mwezi mzima."

Halafu akasema, maneno yakimutoka kwa shida, "Weye mama wa chisense. Nilikuvusha mu upepo mukali. Sikukuacha katikati ya maji."

Nilitoka nikishika ukuta mpaka mulangoni.

Siku tisa mashini ilinyamaza. Maji yakageuka rangi ya majani, magoti yakafunga, nikayaacha yafunge. Sikumuita fundi yule wa simenti. Nilimuita mutu anayetengeneza motere za boti kule ku pwani. Aliweka sikio ku ukuta, akanicheka. "Mama, umemufungia mugonjwa ngoma ku kichwa." Alinieleza kwamba sauti ya mu hewa ni ndogo, lakini ile inayotembea mu simenti inaenda mbali, na mutu aliyesimama haisikii. Alikata simenti, ikaachana na ukuta upana wa mukono. Akahamisha mashini upande wa jiko langu, akaiweka juu ya vipande vya pineu ya kamyo, yaani tairi la lori, viwili viwili. Mabomba akayatoa ku ukuta, akayaunganisha na mupira laini. Mwisho akaifanyia sanduku la mbao, ndani akabandika sponji ya godoro la zamani, na matundu chini na juu, sababu mashini nayo inapumua. Sheria niliweka miye: itaunguruma saa ine ya asubuhi mpaka saa sita, basi.

Siku ya kuijaribu sikusimama ku ukuta. Nilienda kulala chini, kando ya godoro la muzee, na uzee wangu huu, sikio ku simenti. Nilisikia kuku anachakura inje. Nikamuuliza muzee.

"Hakuna motere," alisema.

Mudogo wake nilituma watu wa samaki wamuite Kilwa. Alikuja kwa kasia, mafuta yalikosekana. Hakuna aliyemusikia, tulimuona tu anaingia mu mulango. Wiki iliyofuata muzee alikufa, muchana, mu usingizi.

Wakati wote wa kilio mashini haikuwaka. Kilio kilipokwisha nikaogopa kuiwasha, mpaka mama yule alipokuja mwenyewe. "Washa, mayo," alisema. "Miguu yako."

Niliingia mu maji. Alikaa ku kigoda kando ya sanduku, akaweka mukono juu ya mufuniko, akauacha pale. Sikuweza kumuangalia usoni.

"Bado inatetemeka kidogo," alisema.

Nilimuambia kwamba kesho nitamuita yule mutu wa motere arudi.